Champali Mlangoni

Kila Ijumaa asubuhi Rukaiya hukaa barazani kwake, mtaa wa Mpendae, Unguja, akishona kofia. Mkono unashona na mdomo nao unafanya kazi yake, maana Rukaiya hajui kukaa kimya. Lakini Ijumaa ile hakusema neno. Alikuwa akimtazama binti yake, Kawthar.

Kawthar ana miaka tisa. Alikuwa amerudi mapumziko kutoka dakhalia moja ya shamba, skuli ambayo watoto hulala huko huko. Wazee wake walimpeleka kwa nia njema. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na mjini kulikuwa na vurugu. "Huko atakuwa salama," alisema baba yake, Masoud.

Kumbe mtoto aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Zamani Kawthar alikuwa msemaji kama mama yake. Sasa ukimwita anashtuka. Alianza tena kukojoa kitandani. Halafu kulikuwa na jambo moja la ajabu. Kila akiingia chumbani, alivua champali yake moja na kuiweka katikati ya mlango, ili mlango usifungike.

"Mamaangu, mbona kiatu unakiweka hapo?" Rukaiya aliuliza.

"Usikitoe, mama."

"Sikitoi. Njoo nikusuke."

Akamkalisha mbele yake, akaanza kumsuka taratibu. Aliposogeza kola ya gauni, aliona alama nyekundu zikishuka mgongoni. Aliendelea kusuka.

"Nani kakupiga, mwanangu?"

Kawthar aliirudisha kola pahali pake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Msimamizi. Anatupiga kwa mpira wa maji. Halafu anatufungia stoo. Mna kiza, mama. Tukilia hafungui. Kasema nikisema, baba atafukuzwa chama."

Rukaiya alimkumbatia. "Nakuamini. Wewe huna kosa hata chembe. Umefanya vizuri kuniambia."

Masoud aliposikia, alitaka kwenda huko huko shamba akapigane. Mwishowe akampigia simu Simai, katibu wa kamati ya dakhalia. Simai ni rafiki yake tangu utoto, tena wako chama kimoja. Alasiri ile ile Simai akaja, na mkononi ana kikapu cha halua.

Unguja kila mtu anajua maana yake. Watu wakikosana, mkubwa huja na halua, kahawa ikanywewa, na maneno yakaisha.

"Ndugu yangu Masoud, msimamizi kakosa, tushamsema," Simai alianza. "Lakini tazama wakati wenyewe. Jambo hili likitoka, wenzetu wa upande wa pili watalipandisha jukwaani. Hata wakubwa ofisini wanajua, wamesema tusubiri uchaguzi upite. Mwambieni mtoto aseme kaanguka."

Masoud aliona muhali. Kumkatalia mtu uliyekua naye, tena barazani kwako, si kazi ndogo. Rukaiya naye akaona muhali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemimina kahawa. Masoud akapokea kikombe, akanywa.

Kawthar alikuwa amesimama mlangoni, ameshika champali yake. Alimtazama baba yake akinywa. Kisha akageuka, akarudi chumbani.

Siku ya pili alikuja Bi Amne, jirani yao, kuchukua kofia ya mumewe. Bi Amne ni afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kusaidia watoto na familia.

"Shikamoo, Bi Amne," alisema Rukaiya.

"Marahaba. Halua yote hiyo ya nini? Kuna harusi na mimi hamkunialika?"

Rukaiya akaangua kilio, akamweleza kila kitu. Bi Amne alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Masoud.

"Sulhu ni ya watu waliogombana," alisema. "Kawthar hakugombana na mtu. Kapigwa, kafungiwa. Hilo ni kosa la jinai, halimalizwi kwa kahawa."

"Lakini uchaguzi, Bi Amne! Watasema nimekiuza chama."

"Chama kina watu wengi wa kukitetea. Kawthar ana nani? Na wale waliobaki kule stoo wana nani?"

Masoud aliinamisha kichwa. "Tufanye nini?"

"Twendeni hospitali leo, kabla alama hazijafutika. Kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono. Daktari, polisi na mshauri mnawakuta pahali pamoja. Msimfundishe mtoto la kusema, wala msimhoji tena na tena. Na asiyejua pa kuanzia apige 116. Ni simu ya watoto, hailipiwi."

Walikwenda wote. Kawthar alieleza kwa maneno yake mwenyewe, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Waliporudi, Masoud alichukua kikapu cha halua mpaka kwa Simai, akamkuta barazani na watu.

"Halua yako hii. Hatukuikata."

"Unanirudishia halua mbele za watu?" Simai alihamaki. "Unaniaibisha, Masoud!"

"Aibu nshaipata mimi. Mwanangu alinitazama nikinywa ile kahawa."

Alirudi nyumbani, akachutama mbele ya Kawthar. "Nisamehe, mwanangu. Nilinyamaza pale pa kusema." Kawthar aliitazama champali yake mlangoni. Masoud akavua champali yake, kubwa kama jahazi, akaiweka mlangoni kando ya ile ndogo. Rukaiya naye akaongeza yake.

Haikuwa rahisi. Baadhi ya wenzake Masoud waliacha kumwamkia, na jambo hilo lilimuuma. Lakini wazee wengine walijitokeza, wa chama hiki na wa chama kile, wakasimama pamoja kwa ajili ya watoto wao. Msimamizi alikamatwa, akafikishwa mahakamani. Simai na wakubwa waliotaka kuficha nao waliitwa, wakahojiwa. Ile stoo ilitolewa mlango, na dakhalia ikapata wasimamizi wapya.

Kawthar alihamia skuli ya karibu na nyumbani, akawa anakwenda kwa mshauri. Champali tatu zilibaki mlangoni. Rukaiya alijikwaa hapo kila mara, akalalamika sana, na kila mara akazirudisha pahali pake.

Uchaguzi ukaja, ukapita. Ijumaa moja asubuhi Rukaiya alikuwa akishona barazani, akasikia mlango wa chumbani ukifungwa. Akaitupa kofia, akakimbilia ndani. Champali zote tatu zilikuwa zimepangwa ukutani, kubwa, ya kati, ndogo.

"Kawthar!"

"Naam! Mama, usiingie, nnavaa!"

Rukaiya alisimama nje ya mlango ule, akalia na kucheka kwa pamoja. Kisha akarudi barazani, akaokota kofia yake, na maneno yakaanza.