Mahindi Yaliyonukia Karafuu

Mvua ilinyesha siku kumi na mbili mfululizo. Kijiji cha Fenny kiko juu kwenye milima ya Minahasa, na mawingu yalishuka mpaka kwenye mapaa. Nguo hazikukauka. Kuni zilitoa moshi mtupu.

Asubuhi moja Fenny alipanda darini kuchota mahindi ya uji. Alitia mkono guniani, akautoa upesi. Vidole vilikuwa na vumbi la kijani.

“Roike!” alimwita mumewe. “Njoo uone! Mahindi yameota ukungu!”

Roike alifungua gunia la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa vilevile. Hicho kilikuwa chakula chao cha miezi mitano.

“Usilie, mama Grasia,” alisema Roike. “Dawa ninayo.”

Roike alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya karafuu. Kazi yao ilikuwa kuchemsha majani ya karafuu, kupoza mvuke wake na kukinga mafuta.

“Kule kwetu kiwandani ukungu hausogei,” alisema. “Mbao zote safi. Mafuta yale yanauua.”

“Lakini hiki ni chakula, Roike.”

“Na karafuu si tunatia kwenye chakula? Wewe nawe kwa woga!”

Alichanganya mafuta na maji, akayanyunyizia mahindi na kuyageuza. Baada ya siku nne, hakuna kijani kipya kilichoota. Fenny alipepeta vumbi lote. Nyumba nzima ilinukia karafuu. Roike alitembea kifua mbele.

Hata hivyo, moyo wa Fenny haukutulia. Bila kumwambia mtu, aliamua kuyajaribu kwanza kwa vifaranga wake saba wa bata. Aliwapa mahindi yale yakiwa yamesagwa, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne alifungua banda. Kimya. Watano walikuwa wamekufa. Wawili walilala ubavu, shingo zimepinda nyuma, miguu ikitetemeka.

Fenny aliacha banda wazi. Alikimbilia jikoni kuwaonya wenzake.

Mama mkwe wake, Yultje, alikuwa ameketi na Grasia, binti wa Fenny wa miaka minne. Alikuwa akimlisha uji wa mahindi na boga.

“Mama! Uji huo ni wa mahindi gani?”

“Si haya ya darini? Yananukia vizuri kweli. Jana pia nilimpikia, akalamba bakuli.”

Fenny alimpokonya kijiko. Yultje alishtuka, uji ukamwagika.

“Una nini, mwanangu?”

“Vifaranga wamekufa, mama. Wamekula mahindi hayohayo!”

Yultje aliweka mkono mdomoni. Grasia alianza kulia. “Mama, tumbo linauma,” alisema. Lilimuuma kweli, au alilia kwa sababu wakubwa waliogopa? Fenny hakungoja kujua. Alimbeba mgongoni, akashuka mbio kwenye njia ya matope mpaka kituo cha afya. Mara mbili aliteleza. Mara mbili aliinuka.

Nesi Meiske alikuwa mzaliwa wa kijiji hicho. Alisikiliza habari za mahindi na vifaranga, akamfunua Grasia macho, akambonyeza tumbo polepole.

“Ametapika?”

“Bado.”

“Mkojo wake ni mweusi?”

“Sijui, dada. Sijui! Atakufa?”

“Sikiliza, mama Grasia. Macho hayajawa ya manjano, na hiyo ni dalili njema. Lakini hatubahatishi. Gari linakuja, anakwenda hospitali kupimwa ini. Umefanya vizuri kuja mapema.”

Roike alifika akihema, matope mpaka magotini. “Dada, mimi ndiye niliyetia mafuta. Yaliua ukungu wote! Sasa sumu imetoka wapi?”

“Mafuta ya karafuu yana nguvu, ni kweli,” alijibu nesi. “Kuvu, yaani huo ukungu, ni kiumbe hai. Kina ngozi nyembamba inayoshika maji yake ndani. Mafuta hupenya ngozi hiyo na kuitoboa. Vilivyomo ndani huvuja, na kuvu hufa.”

“Ndivyo nilivyosema!”

“Ngoja. Kuvu hiyo ilipokuwa hai, ilimwaga sumu ndani ya punje. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Haina uhai, Roike. Utaiuaje? Mafuta hayaiondoi, kuosha hakuiondoi, na hata uichemshe kutwa nzima, bado ipo. Wewe umemwua mwizi, lakini sumu aliyotia chunguni umeiacha.”

Roike aliinamisha kichwa.

“Tena mafuta yale ni makali,” aliendelea nesi. “Mtoto akiyanywa, hata kidogo, yanaweza kuumiza ini. Hayo si viungo vya mchuzi.”

Hospitalini Fenny alikaa kitandani na mtoto siku tatu. Kila Grasia alipoamka, mama alimtazama macho. Je, yamegeuka manjano? Alimsogeza dirishani kwenye mwanga, akamtazama tena. Siku ya tatu daktari alileta majibu ya mwisho. Ini lilikuwa zima. Fenny alimshukuru, akamkumbatia Grasia.

Waliporudi, walichimba shimo refu wakazika magunia yote, mbali na kuku na nguruwe. Miezi ile walikula ndizi, mihogo na mchele wa kununua. Ilikuwa miezi migumu.

Mavuno yaliyofuata, nesi Meiske aliwaonyesha la kufanya. Walianika mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi walizitupa. Kisha walitia punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, wakaitikisa, wakangoja kidogo. Chumvi iliganda kwenye kioo.

“Bado yana maji,” alisema Yultje. “Rudisheni juani!”

Walianika siku mbili zaidi, mpaka chumvi haikuganda tena. Magunia waliyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mvua zilirudi. Kila wiki Fenny alifungua gunia, akatia mkono. Mkono ulitoka safi.

Siku moja jirani yake, Sientje, alipiga hodi na chupa tupu. “Mama Grasia, nipunguzieni mafuta ya karafuu. Mahindi yangu yameanza kuwa ya kijani.”

Fenny alimshika mkono. “Mafuta sikupi, dada. Wanao wamekula?”

“Bado.”

“Basi tumewahi.” Alichukua jembe nyuma ya mlango. “Twende nikusaidie kuchimba.”