Mguu wa Tatu wa Mwantum

Foleni ya sukari ya Sumbawanga, mwaka ule wa sabini na tano, ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kupata mchumba kabla hajafika dukani. Wala sitanii. Lukmani alimpata wake.

Alikuwa amesimama na kikapu cha mama yake, ovaroli imejaa grisi, upepo wa Ufipa unamkata masikio, alipomwona msichana amepanda juu ya kreti la soda, kamera jichoni, akiwapiga picha watu wa foleni. Gauni la maua ya njano, mtandio umemwangukia mabegani, na miguuni raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali.

"Dada," Lukmani akasema, "unatikisika."

"Natikisika na nini? Umenishika?"

Foleni nzima ikacheka.

"Kiwiko cha kulia. Mimi fundi wa malori, nikiona kitu kinatikisika silali."

"Basi leo hulali, maana mimi si lori."

Akashuka kwenye kreti, akaenda zake kwa hasira. Na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu ameambiwa kweli.

Huyo alikuwa Mwantum, binti wa Mzee Mwinjuma mwenye studio ya picha karibu na soko. Mkoa ulikuwa umemwagiza mzee picha kubwa ya maporomoko ya Kalambo, ikapambe banda la Rukwa sikukuu ya Saba Saba. Magoti ya mzee hayakuweza tena milima, kazi akamwachia binti. Binti akaenda mara mbili, na mara mbili akarudi na maporomoko yenye ukungu, kama yamepigwa na mtu mwenye homa. Mzee akasema neno moja tu: "Safari ya tatu ikitikisika, kamera naifungia kabatini, nawe unakwenda Tabora kwa shangazi yako akuoze." Mwantum hakulala siku mbili. Tabora hakuichukia. Alichokiogopa ni kuishi bila kamera.

Kesho yake ya ile foleni akaenda gereji ya yule fundi. Alivaa zile zile raizoni, maana mwanamke aliyechekwa hadharani harudi na kandambili.

"Fundi, nataka mguu."

Lukmani akatoka chini ya lori. "Mbona unayo miwili, tena ya kupendeza?"

"Shika adabu yako. Nataka wa tatu. Stendi yetu ya kamera ina miguu mitatu, na pale ninaposimama Kalambo ni ukingo mwembamba, haienei. Nataka mguu mmoja wa kubeba kamera. Ile miwili nitatoa mimi."

Lukmani akaacha utani. Kazi akiielewa alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Uwe wa chuma?"

"Chuma kizito, nitakibeba kwa saa mbili mlimani. Ila usiwe mwembamba ukapinda. Chini weka mpira, mwamba ule unateleza. Na urefu, kamera inifike jichoni nikiwa wima. Nikiinama mgongo unachoka, ukichoka unatetemeka."

Lukmani akapata bomba la aluminiamu lililobaki kwenye keria ya basi. Juu yake, pa kufungia kamera, akajaribu bolti ya milimita sita, ya lori la Kijapani. Ikaingia nusu mzunguko, ikagoma. Akataka kuikaza kwa koleo.

"We! Utaniulia kamera! Tundu lake ni la robo inchi!"

Lukmani akapekua kopo la bolti za malori ya zamani ya Kiingereza, akachagua moja, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia taratibu mpaka mwisho. Wakatazamana. Nani angedhani kamera na lori kuukuu vinaweza kula sahani moja?

"Simama hapa mlangoni nikupime," akasema kwa sauti ya chini, na akachora chaki usawa wa jicho lake. Mwantum alinukia marashi ya waridi na dawa ya kusafishia picha. Lukmani akaupima ule mstari mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

Ikawa simu kila siku. Gereji ilikuwa na simu, studio ilikuwa na simu, na katikati yao pale posta alikaa Bertilla, mwendesha simu, aliyewaunganisha na kusikiliza yote bila kuona haya.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Mguu wangu je?"

"Unanipenda mimi au mguu?"

"Maliza mguu kwanza nitakuambia."

Ijumaa, bomba likaletwa studio. Mwantum akatoka uani na kandambili zake, akafunga kamera, akasimama. Kamera ikamgonga kipaji cha uso. Akajinyoosha, akanyanyua visigino, wapi! Bomba lilikuwa limemzidi kwa upana wa kiganja. Na hapo shetani akamnong'oneza jina la Kristiana, muuguzi mrefu kama mlingoti, ambaye wiki ile watu walimwona gereji mara tatu.

Akainyakua simu.

"Lukmani, Kristiana ana urefu gani?"

"Nani?"

"Yule uliyempima! Mguu wangu umeukata kwa kipimo cha mwanamke mwingine, halafu unaniita laazizi!"

"Mwantum, wallahi Kristiana alileta baiskeli ya hospitali..."

"Mpe na mguu basi, aendeshee baiskeli!"

"Nisikilize..."

"Samahani, jamani," ikaingia sauti ya tatu. Alikuwa Bertilla, uvumilivu umemwisha. "Dada Mwantum, siku ile ya kupimwa ulipita hapa posta na raizoni. Tulitoka wote dirishani kukutazama. Sasa hivi umevaa nini?"

Mwantum akazitazama kandambili zake.

"Haloo?" Lukmani akasema.

"Ukate," Mwantum akajibu kwa sauti ndogo. "Upana wa kiganja. Na unisamehe."

"Kiganja chako au changu?"

"Changu, mjinga wee. Chako kipana."

Wakaondoka Jumapili na lori la gereji, Mzee Mwinjuma mbele kama mlinzi wa heshima. Wakalala kijijini kwa wenyeji. Kabla ya alfajiri mzee, na magoti yake hayo hayo, akapanda nao polepole, fimbo mkononi, akipumzika kila kichuguu. Binti alivaa raba.

Lukmani alikuwa ameijua Kalambo kwa kusikia tu. Kwanza akasikia ngurumo, kisha ardhi ikaisha. Mto mzima, mpana, mtulivu, ulifika ukingoni na kujitupa chini, ukaanguka, ukaendelea kuanguka, hata jicho likachoka kuufuata kabla haujafika. Chini kabisa bonde lilikuwa bado na giza, moshi wa maji unapanda, na korongo wakubwa waliruka humo wakionekana kama nzi. Fundi aliyezoea kupima kila kitu kwa milimita akakosa kipimo. Akavua kofia. Machozi yakamtoka na hakujua yanatoka wapi.

"Subhanallah," mzee akasema nyuma yao, akakaa chini.

Mwantum alikwishafika ukingoni. Bomba mbele, miguu yake miwili nyuma ameitanua, mpira umeuma mwamba. Kiwiko cha kulia akakibana ubavuni, kamera akaikandamiza kwenye shavu, na uzito wote akauegemeza kwenye bomba. Mwanga ulikuwa hafifu. Ilibidi kamera ikae wazi robo ya sekunde, na robo ya sekunde pale ni mwaka mzima. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia.

Na hapo ndipo Lukmani, akili imemruka kwa ukubwa wa kile alichokiona, akapiga kelele kushinda maji:

"Mwantum! Nataka kukuoa!"

Kidole kikabonyeza.

Akageuka polepole, macho yanawaka. "Mwanaume, huwezi kungoja mtu apige?"

"Nimeshindwa. Nijibu!"

"Hiyo ndiyo filamu yangu ya mwisho. Picha ikitoka imetikisika, mimi ni wa Tabora. Jibu limo humu ndani." Akaikumbatia kamera, na njia nzima ya kurudi hakuiachia.

Sumbawanga, chumba cha giza cha studio, taa nyekundu. Baba na binti wakainamia beseni. Karatasi ikaanza kuchora: mwamba, kisha maji, laini kama shuka jeupe. Picha ilipokwisha kuoshwa, mzee akawasha taa, akashika kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu mno. Kwenye ukuta wa mwamba kulikuwa na kiota. Kwenye kiota, korongo na kinda wake, hata mdomo wa kinda ulionekana.

Mzee akakiweka kioo mezani. "Miaka thelathini na kamera," akasema, "sijawahi." Akaketi. "Mwanangu, kule juu nilisikia yule kijana alivyopiga kelele. Hata kiziwi angesikia. Kidole chako kilikuwa kwenye kitufe?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukutikisika?"

Mwantum akaangalia chini, kisha akaona hakuna sababu ya kuficha.

"Nilitikisika mwili mzima, baba. Uliosimama ni mguu alionitengenezea."

Mzee akaitoa picha majini kwa ncha za vidole, akaitundika ikauke.

"Mwambie alete wazee wake," akasema. "Na kamera ni yako, popote utakapoolewa."