Mahari ya Kabeza

Debe tupu la mafuta liliruka kutoka kibanda cha mama wa mandazi, likatua katikati ya stendi ya Nyabugogo, na kabla halijaacha kulia lilikuwa limeshikwa na watu wawili: Niyongabo upande huu, na upande ule msichana asiyemjua. Makondakta waliita Gitarama, Ruhengeri, Byumba. Watu walipita na mikeka na kuku wao. Hao wawili hawakuachia.

"Hiri debe ni rangu," msichana alisema.

"Rangi? Debe hili halina rangi, dada. Ni bati tupu."

"Rangu. Ya mimi."

Alivaa gauni la maua ya manjano, kitambaa cheupe kichwani, na raba za kiume zilizomzidi miguu. Niyongabo alikuwa ndani ya ovaroli ambalo zamani, kabla ya grisi, lilikuwa la bluu. Wakatazamana. Debe likasubiri.

Msichana huyo aliitwa Nyiramana. Mchana alishona sare katika duka la nguo mjini. Jioni alipita jiko kwa jiko akiomba makebe yaliyotupwa, akayauza. Niyongabo alikuwa fundi wa magari katika gereji ya mjomba wake Melchior, huko Gatsata, na jioni alikata makebe akaunga koroboi, zile taa za utambi ambazo Kigali nzima huziita agatadowa. Mshahara wa kila mmoja wao ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi. Basi wakaligawana debe kwa njia pekee iliyowezekana: yeye atengeneze, Nyiramana auze. Debe moja likazaa koroboi kumi na nne na mapenzi.

Mwaka ulikuwa 1992. Niyongabo alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao mtoto anajua Kiswahili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Akisema Kirundi chake Kigali, watu walimcheka, kwa hiyo alitongoza kwa Kiswahili, na hapo mchekaji akawa yeye. Maana ulimi wa Nyiramana, kama ndimi nyingi za mji ule, haukuwa na L hata moja.

"Sheri," alimwita kwa Kifaransa cha wapenzi, "nipe karamu niandike."

"Karamu ya nani? Mbona mimi sijaalikwa?"

Nyiramana alimfinya sikio, na siku ikaenda.

Kisha akatokea Cassien. Si yeye mwenyewe. Jina lake tu, kinywani mwa Nyiramana. Cassien ana duka kubwa Kabeza, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Cassien amefiwa na mke, maskini. Cassien amenitunzia makebe therathini.

"Huyo Cassien ni mrefu?" Niyongabo aliuliza jioni moja, akijifanya anapuliza makaa.

"Mrefu kuriko nani?"

"Kuliko mimi."

"Wewe ukisimama, ao ukiwa chini ya gari?"

Tangu hapo kila kebe la maziwa lilikuwa na uso wa Cassien. Niyongabo alilikata kwa mkasi kana kwamba anakata shingo. Alinusa makebe, akatafuta harufu ya manukato, akapata ya maziwa yaliyochacha, akaona hiyo nayo ni hila. Mwanaume gani anakunywa maziwa kiasi hiki kama si kwa ajili ya kubaki na makebe ya kumwita msichana wa watu?

Jumatano simu ya gereji ililia. Melchior akaipokea, akaita, "Fundi, ni yule wa makebe."

"Sheri," sauti ilikuja kupitia mikwaruzo ya waya, "keti kwanza. Cassien amenipa mahari."

Niyongabo hakuketi. "Amekupa nini?"

"Mahari. Nzuri sana. Jumamosi ninahamia kure."

"Mama yako anajua?"

"Mama amefurahi, anasema nisikatae. Baba ameenda kuiona jana."

"Ni kubwa?"

"Inatosha. Wengine amewapa kidogo."

"Wengine," Niyongabo alisema. "Haya. Hongera." Akakata simu taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Alhamisi Nyiramana alipiga tena. Melchior aliambiwa ajibu kwamba fundi yuko chini ya gari. Ijumaa akapiga; fundi alikuwa bado chini ya gari. Na kweli alikuwapo, gari lenyewe zima kabisa, amelala chali akitazama ekzosi na kumwona bibi harusi.

Jumamosi alivaa koti la mtumba lililomwishia juu ya vifundo vya mikono, akaenda Kabeza kuharibu sherehe. Hapakuwa na ngoma. Alimkuta Nyiramana na fagio, kwenye kibaraza cha duka, kando ya meza ya mbao yenye koroboi saba, zile za mwisho alizokuwa nazo. Mlangoni alisimama mwanaume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa mrefu kweli, alaaniwe.

"Ulitoa ng'ombe wangapi?" Niyongabo alimuuliza bila salamu.

"Ng'ombe wa nini?" Cassien alishangaa.

"Wa mahari uliyompa huyu."

Cassien aliwahi kufanya biashara Bukavu, na L zake zote anazo hadi leo. "Kijana, mimi nimempa kibaraza. Mahali. Mahali pa kuweka meza."

"Mahali," Niyongabo alirudia, pole pole, kama mtu anayemeza mfupa.

"Ndiyo, mahari," Nyiramana alisema. "Siku ire nimekwambia nini?"

Cassien alicheka mpaka akashika ukuta. Nyiramana hakucheka.

"Kira siku unanisahihisha," alisema. "Karamu, rangu, kura. Siku ire, mbona hukunisahihisha?"

Niyongabo alitazama viatu vyake. "Nilisikia kile nilichokuwa naogopa kukisikia."

"Siku tatu umeniozesha kwa mutu, na hukuja hata kuuriza. Rudi Gatsata."

Hakurudi. Alisimama palepale, mikono ikining'inia nje ya koti. Cassien alifuta machozi ya kicheko, akasema, "Nyiramana, huyu ni nani wako? Nauliza kwa sababu mimi sina mke, na meno yangu bado yote."

"Muurize mwenyewe."

Wivu ulimpanda Niyongabo mpaka kwenye masikio. "Mimi ni mume wake. Baba yake tu ndiye bado hajaambiwa."

"Na mimi?" Nyiramana aliuliza. "Mimi nani ameniambia?"

Cassien alivuta kreti tupu, akaketi kusikiliza.

Niyongabo alikitafuta Kiswahili cha Buyenzi, hakukipata. Akasema kwa Kirundi, yote: kwamba anampenda, kwamba wivu wake ni woga uliovaa koti, kwamba ng'ombe hana, ana mikono. Cassien aliuma midomo asiicheke lafudhi ile. Nyiramana aliegemea fagio, akasikiliza hadi mwisho.

"Jumapiri baba iko nyumbani, baada ya misa," alisema. "Kuja na mjomba wako. Na haya umesema, uyaseme tena porepore. Baba hasikii vizuri."