Mkanda wa Cheche

Bwalo la chuo saa za mchana halina adabu. Wanafunzi wote wana njaa kwa wakati mmoja, trei zinagongana, na mpishi mkuu anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kila foleni inapopinda. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mrefu, gauni la njano la pamba, raba nyeupe, nywele amezisuka mistari na kuzifunga nyuma kwa lastiki iliyotoka kwenye soksi. Trei ilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliunyoosha nyuma, kiganja wazi, bila kugeuka.

"Kijiko," alimwambia mwenzake wa chumbani, akidhani yuko nyuma yake.

Mwenzake alikuwa ameshaacha foleni kitambo. Hata hivyo kijiko kilikuja. Kilitua katikati ya kiganja kwa nguvu ya kiasi, mpini mbele, na vidole vikafunga vyenyewe.

"Asante, shoga."

"Shoga yako yuko kule dirishani anacheka na watu wa Sheria," ilijibu sauti ya kiume. "Ila mkono wako haukutikisika hata kidogo. Unakimbia?"

Aligeuka. Kijana mwembamba, shati la bluu lililonyooka pasi, rula ndefu ya kuchorea ramani imechomoza kwenye mkoba. Macho yake yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo.

"Nakimbia watu wanaozoea upesi," alisema msichana.

"Basi una kazi. Mimi mwepesi wa kuzoea, na nina mbio."

"Nilikuwa nakimbia zamani. Nimeacha."

"Kwa nini?"

"Muulize yeyote aliyekuwa uwanjani mwaka jana."

Alikwenda kula. Mpishi mkuu alipokusanya vyombo jioni akaona kijiko kimoja kimepungua, akawalaumu mwaka wa kwanza, kama ilivyo desturi yake.

Kijana aliuliza kweli. Mwaka jana yeye alikuwa mafunzoni kwenye ujenzi wa daraja, hakuona kitu. Akaambiwa kwamba yule ni Cheche, msichana mwenye kasi kuliko wote chuoni, na kwamba katika mbio za kupokezana vijiti alitoka mapema mno, kijiti kikaanguka, na kombe la jumla likaenda kwa Kijani, chuo cha ng'ambo ya mji. Tangu siku hiyo wapo waliomwita Haraka. Alivua njumu zake, akawa anashinda maktaba.

"Nimeuliza," alimwambia kwenye simu.

"Namba yangu umepewa na nani?"

"Shoga yako. Anauza siri zako kwa bei ya soda. Sikia, Kocha anatafuta timu ya mchanganyiko, wavulana wawili, wasichana wawili. Mimi nimepewa kona ya mwisho. Wa kunipokea hayupo."

"Watafute wengine."

"Nimewatafuta. Wote wananyoosha mkono halafu wanageuka kuangalia. Wewe hukugeuka, na ulikuwa hata hunijui."

Cheche alikata simu. Kesho yake alikuwa uwanjani na njumu zake begani, akimwambia kila anayemtazama kwamba amekuja kunyoosha viungo tu.

Jina la kijana likawa Mhandisi, na mapenzi yakaanza kama yanavyoanza kwa wakimbiaji, kwa jasho na kutukanana. Kocha, mama wa makamo mwenye kofia ya kitambaa na filimbi isiyotoka shingoni, aliwakuta zaidi ya mara moja wamekaa kwenye nyasi wakilishana chungwa, akajifanya hajaona.

Sheria ya Kocha ilikuwa moja. Mpokeaji hubandika mkanda wake chini, nyuma ya pale anaposimama, kwa kupima nyayo zake mwenyewe. Anayekuja akikanyaga mkanda ule, mpokeaji anachomoka. Haangalii tena nyuma. Anakimbia, ananyoosha mkono, anasubiri neno moja tu: shika. Mkanda ukiwa karibu mno, wawili watagongana. Ukiwa mbali mno, kijiti hakitafika. Kwa hiyo mkanda wa mtu haugusi mtu mwingine, na atakayegusa anatoka kwenye timu.

"Ni mswaki wa mtu huo," Kocha alizoea kusema.

Michezo ya vyuo ilipofika, kampasi ilishikwa na wazimu. Wasichana wa netiboli walishinda. Wavulana wa mpira wa wavu walifungwa wakiwa wanaongoza. Mrusha tufe wa mwaka wa pili alivunja rekodi ya michezo akakaa chini akilia. Mihadhara ilibaki na viti vitupu, na profesa mmoja wa hesabu alifundisha simu ikiwa mezani, akisimama kila anaposikia kelele kutoka uwanjani. Pointi zikawa sawa na za Kijani. Likabaki shindano moja, vijiti vya mchanganyiko, na atakayemtangulia mwenzake ndiye mwenye kombe.

Asubuhi ya mchujo waamuzi waliwaruhusu wakimbiaji wabandike mikanda mapema. Cheche alipima, akabandika. Akiwa anakwenda kunywa maji, alimwona Mhandisi nyuma ya jukwaa, peke yake, akikanda nyama za nyuma ya paja na kuuma midomo. Angemuuliza, angekataa kwamba anaumwa. Kwa hiyo alirudi kimyakimya, akaubandua mkanda na kuusogeza karibu kidogo, ili mpenzi wake amfikie bila kujikamua.

Baada ya muda Mhandisi alipita hapohapo akijifanya anapasha mwili. Aliona mkanda, akadhani upo palepale pa siku zote. Naye alikuwa na mawazo yake kuhusu mguu ule. Akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akausogeza karibu kidogo.

Msomaji umeshaona balaa linakotoka. Wao hawakuona, na huwezi kuwalaumu. Mtu hapimi tena kitu alichokwisha kupima.

Mchujo ukaanza. Mhandisi alikuja na kona, akaukanyaga mkanda, Cheche akachomoka, na kabla hajapata kasi alishtukia kifua kimempiga mgongoni. Kijiti kiligonga kiwiko, kikagonga ubavu, kikaingia mkononi kwa bahati. Alikimbia kama aliyechomwa moto, wakaingia fainali kwa nafasi ya mwisho. Jukwaani mtu alipaza sauti, "Haraka huyo!" na wengine wakacheka.

Cheche alirudi kwenye njia yake, akapima kwa nyayo. Mkanda haukuwa pale alipouacha.

"Nani amegusa mkanda wangu?" alimuuliza Mhandisi, jezi ya chuo, rangi ya damu ya mzee, imemganda mwilini.

"Ni mimi."

Alitegemea kila jibu isipokuwa hilo. "Kwa nini?"

Mhandisi alitazama chini. Akitaja mguu, Kocha atamweka mkimbiaji wa akiba, na hii ilikuwa michezo yake ya mwisho chuoni. "Nina sababu zangu."

"Sababu zako nazijua. Ni mwaka jana. Uliogopa nitachomoka mapema, ukaamua unifunge kamba kama mbuzi."

"Cheche, mpenzi, si hivyo."

"Basi sema ilivyo."

Mhandisi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Cheche aliokota begi lake akaenda zake.

Alasiri alimpigia dada yake, fundi cherehani, ambaye hupokea simu bila kuacha kushona.

"Hakuniamini, dada. Kumbe muda wote alikuwa kama wao."

"Pole, mdogo wangu. Aligusa mkanda tu?"

"Unasema tu? Ule mkanda ni wangu."

"Na wewe hukuugusa tena ulipokwisha kuubandika?"

Cherehani ikasimama.

"Niliusogeza kidogo. Alikuwa anaumwa mguu."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Alaa. Yeye kunyamaza ni dharau, wewe kunyamaza ni mapenzi. Mshono huo haukai hata kwenye gunia." Cherehani ikaanza tena. "Nenda kaseme yako kwanza, halafu uje unililie. Na kesho nakuja uwanjani, nimeshamwambia shemeji yako atajipikia."

Kesho yake asubuhi Kocha aliwaita kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa ameona picha za mchujo kwenye simu, akazirudia mpaka chaji ikaisha.

"Nani aliugusa mkanda wa Cheche?"

"Ni mimi, Kocha," walisema wote wawili.

"Nimeuliza swali, sikuomba kwaya."

"Ni mimi," alisema Cheche. "Nilimwona anakanda paja. Nikausogeza ili anifikie bila kuumia."

Mhandisi alimgeukia taratibu. "Uliniona?"

"Mimi nakuona hata ukijificha."

"Lakini aliyeusogeza ni mimi," alisema Mhandisi. "Niliogopa mguu utaniangusha. Ungechomoka vizuri kama kawaida yako, nisikufikie, kijiti kianguke, na watu waseme ni wewe tena. Sikutaka usemwe hivyo tena hata siku moja. Nilitaka lawama ikija, ije kwangu."

Cheche alikuwa amemtukana usiku kucha moyoni kwa kosa la kumlinda.

Kocha alimtazama huyu, akamtazama yule, halafu akacheka mpaka filimbi ikalia yenyewe. "Kwa hiyo mmeoneana huruma mpaka mkagongana." Akafuta macho kwa kofia, akakaza uso. "Cheche, mkanda ni wako, kosa lako ni la mdomo. Wewe kijana, sheria unaijua."

"Naijua, Kocha. Nitakaa nje."

"Kocha," Cheche aliingilia, "mwenye mkanda ni mimi, na mimi sina malalamiko."

Kocha alimwita tabibu wa timu. Tabibu alilibonyeza paja huku na huku, akasema msuli umekaza, haujachanika, kona moja ataimudu akifungwa bandeji vizuri.

"Basi nendeni mkaubandike pamoja," alisema Kocha. "Nikisikia tena mtu amemhurumia mwenzake kimyakimya, wote mtapanda jukwaani mkauze karanga."

Walipiga magoti kwenye njia, jua likiwachoma migongo.

"Mguu ukoje? Usinidanganye."

"Kona yote uko sawa. Mwishoni unavuta."

"Kiasi gani?"

Mhandisi aliweka unyayo wake chini. "Hapa. Ukichomoka nikifika hapa, nitakufikia."

"Una hakika?"

"Nina hakika nusu."

"Nusu inatosha, nyingine ninayo mimi." Alibandika mkanda, Mhandisi akaukandamiza upande wa pili kwa kidole gumba.

Jioni jukwaa lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi, nusu damu ya mzee, nusu kijani, ngoma zinajibizana. Bunduki ililia. Mkimbiaji wa kwanza alitoka vizuri, wa pili akapoteza hatua kwa Kijani, na Mhandisi akakipokea kijiti akiwa nyuma. Katika kona alianza kula ule mwanya. Cheche alimwona akija, mabega yametulia, uso umekunjamana. Unyayo ukatua juu ya mkanda.

Alichomoka.

Hatua zake zikashika kasi. Alinyoosha mkono, kiganja wazi, na kiganja kikakuta hewa. Sauti za mwaka jana zote zilimjia kichwani. Shingo ilimwasha kugeuka. Mstari wa mwisho wa eneo la kupokezana ulikuwa unamkimbilia, na nyuma yake hakukuwa na neno. Aliendelea kukimbia kwa kasi ileile, mkono palepale.

"Shika!"

Kijiti kilitua katikati ya kiganja, na vidole vikafunga vyenyewe.

Alichofanya baada ya hapo mrusha tufe anakisimulia mpaka leo, kila mara akiongeza chumvi. Cheche alimpita msichana wa Kijani hatua chache kabla ya utepe. Na kituko ni kwamba hawakuwa wa kwanza. Chuo kimoja kidogo cha ualimu, ambacho hakuna aliyekuwa anakitazama, kilikuwa kimeshamaliza na wakimbiaji wake wanarukaruka wenyewe pembeni. Haikuwa na neno. Kijani walikuwa nyuma, kombe la jumla limerudi nyumbani, na jukwaa la damu ya mzee likamwagika uwanjani, profesa wa hesabu akiwa mbele. Waliokuwa wakiita Haraka walimbeba juu juu wakiita Cheche.

Walipomshusha, aliinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Dada yake alikuwa anamjia kwa kigelegele, kitenge kipya kimemdondoka begani. Hapo akasikia nyuma yake mtu anayekuja akichechemea.

"Shika," alisema Mhandisi.

Cheche aliinuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Kitu cha baridi kikatua, mpini mbele. Alijua ni nini kabla ya kukitazama.

"Wewe. Kumbe ulikichukua kwenye trei yangu! Mpishi anawasema mwaka wa kwanza mpaka leo."

"Nitamrudishia siku ya harusi. Pete nitanunua nikipata kazi, sasa hivi nina hicho tu." Alikuwa anahema, na safari hii si kwa mbio. "Nataka niwe nyuma yako, mbele yako, popote utakaponiweka. Unioe, nikuoe, vyovyote tutakavyoita. Unasemaje?"

Dada yake alisimama ghafla na kigelegele mdomoni. "Amekupa nini huyo?"

"Kijiko," alisema Cheche. Bado alikuwa hajageuka. Machozi yalikuwa yanamshuka na anacheka, na kijiko amekikamata kwa vidole vyote.

"Kijiko? Sasa unakifanyia nini?"

"Nimeshika, dada," alisema. "Mwambie nimeshika."