Reki ya Saa Saba Mchana

Kwetu kwenye bustani za kando ya reli, kaskazini mwa Berlin, kila mtu na kipande na kibanda chake, mtu husamehewa mengi. Mume akimtoroka mke tutasema wiki mbili, tutachoka. Mtu akilewa akatapika kwenye maua ya jirani, atayapalilia na yatakwisha. Lakini kelele kati ya saa saba na saa tisa mchana, hapana. Huo ni muda wa mapumziko, umeandikwa kwenye kanuni, na mimi Gudrun, mwenyekiti wa bustani, ndiye niliyezibandika kanuni hizo getini kwa mikono yangu. Kwa hiyo Julai ile niliposikia mtu anakwangua mchanga kwa reki saa saba na dakika kumi, polepole, kraa, kraa, kraa, nilivaa kandambili nikatoka kumsaka.

Sauti ilinipeleka kwa Volkmar. Nilishangaa, maana mzee yule ndiye aliyekuwa mfano wetu. Ua wake wa miti haukuzidi kimo hata kidole. Nilimkuta amejilaza kwenye kiti cha kitambaa, gazeti usoni, na reki yake imening'inia msumarini. Hewa ilinuka moshi wa makaa ya mawe, ule wa majiko ya zamani, wakati jua lilikuwa linachoma na hakuna mtu kwetu aliyewasha jiko la makaa kwa miaka ishirini.

"We Volkmar, nani anakwangua hapa?"

Aliondoa gazeti. Uso ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Na wewe umesikia?" akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni mimi tu."

Akanionyesha shimo la mchanga alilomtengenezea mjukuu wake Jette, mtoto wa miaka mitano ambaye mama yake humwacha bustanini likizo nzima. Mchanga ulikuwa umechorwa mistari iliyonyooka, mstari kwa mstari, kama shamba lililotoka kulimwa. Juu ya mistari hiyo zilipita nyayo za mtu mzima. Mguu wa kulia una kiatu. Wa kushoto, peku.

"Mtoto amefanya mchezo," nikasema.

"Kwa mguu huu?" akauliza Volkmar, na akaweka mguu wake kando ya unyayo bila kuugusa. Ulikuwa mkubwa kuliko wake. Mimi niliaga nikaondoka, na barua ya onyo sikuiandika.

Mambo mengine haya aliniambia mwenyewe baadaye, kwa hiyo nayaeleza kama alivyoyaeleza.

Mchanga ule aliupata mwaka wa tisini na moja. Ukuta ulioigawa Berlin ulikuwa unabomolewa na kila mtu alikuwa anabeba. Tusidanganyane, sote tulibeba. Wavu wa chuma unaoshikilia maharage yangu mpaka leo umetoka mpakani, na taa ya njia kuu yetu vilevile. Volkmar alikwenda na mkokoteni akachota mchanga wa ule ukanda uliokuwa kati ya kuta mbili za mpaka, mchanga mweupe, laini, wa bure. Akautandaza chini ya vigae vya saruji mbele ya kibanda chake, na humo ukakaa kimya miaka ishirini na mitano, hadi majira yale alipoving'oa vigae ili mjukuu apate pa kuchezea.

Mchanga huo alikuwa anaufahamu vizuri. Alikuwa askari wa mpaka akiwa na miaka ishirini, na kazi ya kila siku ya askari wa mpaka ilikuwa kuupiga reki mpaka mistari inyooke, ili atakayekanyaga akitoroka aonekane.

Jirani yake, ng'ambo ya ua, alikuwa Roswitha, mjane asiyejijua kwamba ni mjane. Mumewe Hartmut alitoka nyumbani asubuhi moja ya Novemba mwaka sabini na tano akaacha mke mwenye mimba ya miezi minne. Roswitha alisema siku zote kwamba alikimbilia Magharibi na akapata mwingine. Mimba ile haikufika. Ukuta ulipoanguka hakwenda kumtafuta kwenye mafaili ya serikali ya zamani. "Asiyenitaka simtafuti," alisema, na sisi tulimsifu kwa hilo, tukidhani ni ujasiri.

Volkmar alimkatia nyasi kila Jumamosi. Alimbebea maji, alimpaka rangi madirisha. Saa tisa na dakika moja, mapumziko yakiisha, Roswitha alimpitishia keki ya plamu juu ya ua na kumchokoza.

"Chukua, mzee wangu wa mistari. Kama ni wewe ungenioa, ningekuwa na wajukuu."

"Ungenichoka kwa wiki," akajibu Volkmar.

"Wiki nzima? Siku tatu!"

Wakacheka. Sisi tulikuwa tunawasengenya kidogo, tukisema hawa wataoana mmoja akiwa na fimbo na mwingine na meno ya bandia.

Nyayo zilirudi kesho yake, na keshokutwa, daima saa saba baada ya ile kraa kraa kunyamaza. Kila siku zilisogea hatua moja mbele, zikitoka upande wa reli kuelekea ua wa Roswitha, lakini zilikoma kabla ya mizizi ya ua. Siku ya nne kulikuwa na nyayo ndogo pembeni yake. Volkmar alimtafuta Jette akamkuta nyuma ya kibanda, kiatu kimoja mkononi.

"Kiatu umevulia nini?"

"Anko kasema ukivua kimoja unapanda vizuri. Chake kilinasa kwenye waya."

"Anko gani, mwanangu?"

"Yule anayenuka moshi. Babu, Rosi ni nani? Anko anauliza kama umeshamwambia."

Volkmar aliketi chini papo hapo, kwenye vitunguu.

Alijua angepaswa kusema siku ile. Aliniambia hivyo, akiniangalia machoni: nilijua, Gudrun, na niliogopa keki ya plamu itakatika. Badala yake alikwenda kwa Mama Nebahat wa bustani ya kona, ambaye kwao Anatolia, Uturuki, bibi yake alikuwa mtu wa kutoa majini na kuondoa macho mabaya. Mama Nebahat hakutia maneno mengi. Alikuja na sufuria ndogo, madini ya risasi, bakuli la maji na shuka. Akamkalisha Jette kwenye kigoda, akamfunika shuka, mimi niliyeitwa kusaidia nikashika pembe moja na Volkmar nyingine. Akayeyusha ile risasi juu ya jiko la gesi, akaimwaga ndani ya bakuli juu ya kichwa cha mtoto huku akisoma kimoyomoyo.

Kwa kawaida hufanya pufu na kuganda bonge lenye mapembe, na yeye huyasoma mapembe hayo. Safari hii haikulia hata kidogo. Mama Nebahat alitia vidole kwenye maji akatoa chembechembe za kijivu, ndogo, zinazoteleza. Mchanga mtupu.

"Hili si jini," akasema taratibu. "Jini ningelitukana, lingeondoka. Huyu ni binadamu, ana neno lake. Kaka Volkmar, ulimwahidi nini?"

"Hakuna."

"Kaka."

"Nimesema hakuna! Mimi hata simjui."

Mama Nebahat alimfunua mtoto, akambusu utosini, akakusanya vyombo vyake. Mlangoni akageuka. "Basi mshike mkono huyu mtoto, usimwachilie," akasema. Mimi nilikuwa pale na nilimwona Volkmar anadanganya, maana mtu tumekaa naye miaka yote hiyo tunamjua, na nikajiambia hayanihusu. Hilo nalibeba mimi.

Kesho yake saa saba mchana bustani zote zilinyamaza kama kawaida, mapazia yakashushwa, redio zikazimwa, na Volkmar akaketi mlangoni mwa kibanda akiwa amemshika Jette mkono, akaapa hatasinzia. Kisha ule moshi ukaja, mzito zaidi ya siku zote, ukaja na harufu ya sufi iliyolowa na harufu nyingine ya chuma kilichopashwa moto ambayo pua yake iliijua kabla akili yake haijakubali, na ile kraa, kraa ikaanza, lakini safari hii haikutoka kwenye mchanga, ilitoka ndani ya mikono yake mwenyewe, akaona mikono inakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, imeshika mpini usioonekana, na alipojaribu kuisimamisha haikusimama, na ndipo alipotambua kwamba mikono yote miwili iko kwenye mpini na mkono wa mtoto haupo.

Mimi nilisikia ukelele wake nikatoka mbio. Jette alikuwa juu ya wavu wa mwisho, ule unaotutenga na reli, mita tatu kutoka chini, kiatu kimoja mguuni, mguu mmoja tayari upande wa pili. Alikuwa anatabasamu na ameunyoosha mkono kama anayesaidiwa kushuka. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kokoto na vyuma vya reli, na vyuma vimeshaanza kuimba.

"Jette!" nikaita. Hakugeuka.

Volkmar hakuukimbilia wavu. Alisimama kwenye mchanga, akaugeukia ua wa Roswitha na akapaza sauti katikati ya mapumziko, mpaka madirisha yakafunguka hadi kwa Mama Nebahat.

"Rosi! Hartmut hakukukimbia! Alikufa, Rosi! Mimi nilikuwepo!"

Treni ikapita. Ilipokwisha, Jette alikuwa amekaa kwenye nyasi za upande wetu analia, goti limechubuka, anamtaka mama yake. Nani aliyemshusha sijui. Nilimbeba, na mwili wake ulinuka moshi.

Roswitha alikuwa amesimama ng'ambo ya ua na taulo la jikoni mkononi. Alikuja bila viatu.

"Sema tena," akasema.

Volkmar alisema yote, na sisi tuliotoka nje tukasikia, hakuna aliyekuwa na haya ya kuingia ndani. Walikuwa askari wawili kwenye zamu, usiku wa siku ile Hartmut aliyotoka nyumbani. Walifyatua wote wawili, na risasi ya nani ilimpata hajui mpaka leo. Mtu yule aliangukia mchangani, kiatu chake kimoja kimebaki kwenye waya nyuma. Amri ilikuwa wasimsogelee mpaka afisa aje, na afisa alichukua nusu saa. Nusu saa hiyo Volkmar alisimama hatua nne kutoka kwake.

"Alikuomba nini?" Roswitha akauliza.

"Maji. Sikumpa."

"Halafu?"

"Akakutaja. Jina na mtaa na nambari ya nyumba. Akasema, mwambie Rosi nimetangulia kumtafutia pa kufikia, asidhani nimemkimbia. Nikamwambia nitakwambia. Nilimwahidi. Walipomwondoa wakanipa reki."

Taulo lilikuwa limeanguka.

"Bustani hii niliichukua kwa sababu yako," Volkmar akaendelea, machozi yanamshuka hadi kidevuni. "Nilikuja kukwambia Jumamosi ya kwanza. Wewe ukaja na keki. Ukanikaribisha. Nikasema nitamwambia wiki ijayo."

"Wiki ijayo," Roswitha akarudia. Alitafuta kitu cha kushika akashika matawi ya ua. "Nimemlaani miaka arobaini na moja, Volkmar. Kila Novemba nilimlaani kwa jina. Na wewe ulikuwa hapo hapo unakata nyasi zangu."

"Nisamehe, Rosi."

Roswitha aliinama akaangalia chini, nasi tukaangalia. Nyayo zilikuwa zimevuka. Zilipita chini ya ua, mguu wenye kiatu na mguu peku, zikakata nyasi zake zilizokatwa vizuri, nyasi zikilala kila unapokanyaga mguu, na tuliziona zikienda, naapa tuliziona, moja baada ya nyingine, hadi kwenye ngazi ya mlango wake. Roswitha akazifuata akaingia ndani na kufunga mlango. Jioni ile kupitia dirishani niliona mezani kuna vikombe viwili.

Hayo yana miaka mitatu sasa. Jette haletwi tena. Roswitha hajazungumza na Volkmar hata salamu, na ua wa upande wake hajaukata; umepita kimo cha kanuni, umepita kimo cha mtu, umekuwa ukuta hasa. Mimi ndiye ninayepima nyua za watu kila Juni kwa rula ya mbao. Ule sijaupima.

Moshi ulikoma siku ile ile, na nyayo za mguu peku hatukuziona tena. Tulidhani yamekwisha. Lakini ukipita kwetu saa saba mchana utasikia kraa, kraa, kraa, na barua ya onyo haitaandikwa, maana ni Volkmar mwenyewe. Analainisha mchanga mpaka mistari inyooke, kisha anarudi nyuma na kungoja. Nami nimesimama naye nikaona kwa macho yangu. Zinajitokeza zenyewe, jozi moja ya nyayo za buti za kijeshi, ubavu kwa ubavu, hatua nne kutoka katikati ya shimo. Haziji na haziendi. Aliweka mguu wake juu yake mara moja, mbele yangu, na zilimtosha.

Anazifuta, anangoja, zinarudi. Kinachozidi kila siku ni visigino tu, vinavyozama ndani kidogo zaidi, kama vya mtu aliyechoka kusimama na hajaruhusiwa kuondoka.