Barafu Iliyobaki Daftarini

Nyumbani kwa Sisimizi mawe yalikuwa mengi kuliko vijiko. Yalikaa kwenye rafu za sebuleni, chini ya vitanda, hata juu ya kabati la vyombo, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Kila asubuhi kabla ya shule Sisimizi aliyafuta vumbi, akachemsha chai, akampelekea Shangazi yake kikombe mezani, kati ya ramani na penseli.

Shangazi alikuwa mtafiti wa barafu ya mlimani. Mjini walimwita Daktari wa Mawe, na wenye utani walimwuliza kama wagonjwa wake hupona. Yeye alijibu kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kufia mikononi mwake.

Alisimulia kwamba zamani barafu ilijaza bonde lote, hata nyumba yao ingekuwa kama punje ya mchele chini ya godoro. Ilipoondoka iliacha alama zake: miamba iliyochanwachanwa kama kwa kucha, na mawe makubwa kama vyumba, yametelekezwa katikati ya mashamba. Sisimizi alipita kati ya mawe hayo mbiombio akienda shule. Aliyaona kama wageni wanaomngoja mwenyeji wao arudi.

Mpimaji wa barafu alikuwa Babu. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alipanda mlima na kupima kutoka jiwe lililopakwa rangi nyekundu hadi ukingo wa barafu. Sisimizi alipofika miaka tisa akawa anafuatana naye. Desturi yao haikuvunjwa hata siku moja. Mwenye utepe wa kupimia hutaja namba kwa sauti. Mwenye daftari hujibu "Narudia," akaitaja tena, ndipo akaiandika. Huiandika kwa penseli, maana wino hulia ukinyeshewa. Na akikosea hafuti: hukata kwa mstari mmoja, kosa libaki likisomeka.

Mwaka huo Babu alifariki. Hazikupita wiki mbili Shangazi akateleza, akavunjika kifundo cha mguu, akatiwa plasta. Kazi ikamwangukia Sisimizi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, pamoja na rafiki yake Twiga, binti wa fundi viatu.

Jumamosi yao ya kwanza walikuta ukungu mzito. Walikuwa hawajafika kwenye jiwe jekundu barafu ilipoguna. Ulikuwa mguno mrefu, wa chini, kama mzee anayejigeuza kitandani. Miguu mirefu ina faida zake: Twiga ndiye aliyetangulia kufika bondeni.

"Andika ileile ya mwezi uliopita," alisema akihema. "Kwani barafu inajua kusoma?"

Jioni, nyumbani, Sisimizi akaandika mita mia moja na kumi na mbili. Akainamisha kichwa kwa mazoea, akingoja sauti ya Babu irudie. Nyumba ilikuwa kimya. Juu ya namba yake mwandiko wa Babu ulisimama wima, kama watu waliopanga foleni wakageuka wote kumtazama.

Mwezi wa pili hawakufika juu; aliandika vilevile. Wa tatu akaandika mia moja na kumi na tatu, ili uongo usichoshe. Tangu hapo hakuwa na raha. Buti za Babu zilizokaa nyuma ya mlango alizigeuzia ukutani; akirudi shuleni huzikuta zimeelekea mlimani. Maji yakichuruzika kwenye bomba, yeye husikia mguno.

Jioni ya Alhamisi moja Shangazi alisukuma ramani kando. Plasta ilikuwa imetolewa wiki hiyohiyo. Alieleza kwamba mbele ya ukingo wa barafu kuna ziwa, limezuiwa na tuta la mawe tu ambalo barafu ya kale ililirundika. Barafu ikirudi nyuma, ziwa hukua. Shule ilitaka wanafunzi wapige kambi wiki ijayo kwenye uwanda wa kando ya mto utokao ziwani, na ofisi ya maji ilikuwa ikingoja namba zake.

"Barafu imesimama miezi mitatu," alisema. "Sielewi, lakini namba ndizo hizi. Nitawaambia waende."

Darasa zima lilikuwa linakwenda, watoto arobaini. Twiga alishafunga begi.

Sisimizi aliweka daftari mezani. "Shangazi, hizi tatu hakuna aliyezirudia."

Shangazi alivua miwani. Alipitisha kidole juu ya namba tatu, moja baada ya nyingine.

"Basi kesho asubuhi tukazirudie," alisema.

Walipanda polepole, Shangazi akiegemea fimbo. Kwenye jiwe jekundu walifungua utepe. Penye mita mia moja na kumi na mbili hapakuwa na barafu. Palikuwa na maji meusi, yametulia. Iliwabidi wazunguke ukingo wa maji. Ukingo wa barafu ulikuwa penye mita mia moja arobaini na sita, na ziwa lilikuwa limebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta.

Barafu ikaguna. Sisimizi akamshika Shangazi kiunoni.

"Ni uzito wake. Inasogea, inapasuka," Shangazi alisema. "Miaka ishirini naifuata, na nywele bado zinanisimama."

Kabla ya saa sita ofisi ya maji ilikuwa imepigiwa simu, na kambi ikahamishiwa uwanja wa shule. Twiga alinuna siku nne. Siku ya tano, mchana, tuta lilimeguka pembeni na maji yakafunika uwanda wote. Yalipopungua, pale ambapo mahema yangesimama palikuwa na jiwe jipya, kubwa kama kabati.

Twiga alilitazama. "Kumbe barafu inajua kusoma," alinong'ona.

Mwisho wa mwezi walipanda wote watatu. Sisimizi alivaa buti za Babu, amezijaza vitambaa. Shangazi alikuwa amekiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizigeuzia mlangoni, upande wa mlima, kila siku, ngozi ipate jua. Karibu na jiwe jekundu alimpa Sisimizi daftari, akate namba tatu za uongo.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Ungeacha mstari mtupu, ningeuliza kuna nini. Mstari mtupu husema kweli: hapa hatujui. Uongo huziba pengo, na watu wakalala juu yake wakidhani ni ardhi."

Sisimizi akakata, mara tatu, kila namba ikabaki ikisomeka. Kisha Twiga akavuta utepe mpaka ukingoni, akapaza sauti:

"Mia moja arobaini na tisa!"

"Narudia," alisema Sisimizi. "Mia moja arobaini na tisa."

Kutoka kwenye ukuta wa barafu namba hiyo ilirudi mara ya tatu, polepole, kwa sauti nzito kuliko zao. Shangazi alisema ni mwangwi tu. Sisimizi alisikiliza mpaka ikaisha, ndipo akaandika.