Kioo Nyuma ya Makoti

Kila asubuhi baada ya Babu Velko kufariki, Bibi Penka aliweka glasi ya maji mbele ya picha yake, nami nikafungua laptopu mezani ili Mama atusalimie. Mama alikuwa Uhispania akiwatunza wazee wa watu, na hakupata ruhusa ya kurudi kwetu Sevlievo kumzika baba yake. Alituomba jambo moja tu: siku ya arobaini, tutakapogawa ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, awe nasi kwenye skrini.

Lakini mtandao wa nyumba ulikuwa umeanza kutuponyoka. Babu aliuunganisha mwenyewe na kuupa jina lake. Sasa jina hilo, Velko, lilitokea kwenye laptopu, likafifia, likapotea. Uso wa Mama uliganda mdomo wazi, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Velko kapita," Bibi alisema taratibu, akitazama ukumbini, makoti ya Babu yalikoning'inia.

Siku Babu alipofariki, Bibi alinituma nikifunike kioo cha kujitazamia cha ukumbini, kama ifanyikavyo nyumba inapofiwa. Kiliniteleza, kikapasuka kutoka kona hadi kona. Kwetu husemwa kwamba kioo kikivunjika msibani, huita kifo cha pili. Nilikifunga kwa shuka, nikakisukuma nyuma ya makoti, nikamwambia Bibi nimekipeleka darini. Tangu hapo, kila uso wa Mama ulipoganda, nilidhani kifo hicho kimemfikia.

Siku ya thelathini na tisa, Bibi alimwita jirani yetu, Mjomba Kamen, fundi redio. Alifuta mtandao kwenye laptopu na kuingiza upya neno la siri. Alichomoa ukutani waya wa ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, akahesabu hadi thelathini, akaurudisha. Alijaribu kwa simu yake. Nayo ikasuasua vilevile, akasema laptopu haina kosa. Ruta yenyewe ilikuwa ukutani nyuma ya makoti, lakini alipoyanyoshea mkono, Bibi alimzuia. Nguo za marehemu haziguswi kabla ya arobaini.

"Sasa dada Penka, nimtibu mgonjwa nisiyemwona?" Kamen alinung'unika. "Velko alipokuwa hai hakupotea hivi, isipokuwa siku ya kupasua kuni."

Bibi alikaribia kutabasamu. Kamen akanigeukia.

"Ralitsa, makoti yapo hapo miaka yote na mtandao ulikuwa mzima. Ni kitu gani kimebadilika tangu Babu aondoke?"

Niliitazama picha ya Babu. Nilihisi naye anasubiri jibu.

"Kioo," nilisema. "Nilikivunja, Bibi. Kiko nyuma ya makoti."

Bibi hakunigombeza. Alikwenda ukumbini, akanong'ona, "Utanisamehe, Velko," akayatenga makoti kwa mikono yake. Kioo kilikuwa kimesimama mbele ya ruta kama mlango uliofungwa. Kamen alieleza kwamba mgongo wa kioo umepakwa metali, na mawimbi ya mtandao yakiugonga hurudi yalikotoka. Alikitoa nje, na pale pale laptopu ikashika mtandao.

Kesho yake Mama alikuwa nasi tangu sala ya kwanza hadi kijiko cha mwisho cha ngano. Alilia, na safari hii uso wake haukuganda. Tulipomaliza, Bibi alinivuta karibu.

"Kioo kilipasuka kwa bahati mbaya, mjukuu wangu, na wala hakikumwua mtu. Lakini ulipokificha, ulimzibia mama yako njia ya kumlilia baba yake, nawe ukabaki na hofu peke yako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Niliitikia, nikatazama pembeni mwa skrini. Jina Velko liliandikwa hapo, bila kufifia. Hadi leo hatujalibadilisha jina hilo.